Kwa Baba Evodia, Aliyefuata Vikombe Vikavu

Umetimia mwaka mmoja, Baba Evodia, tangu Jumanne ile ya tarehe 16 Julai 2024 uliponiuliza swali la mwisho ukiwa kitandani hospitali, nami nikakujibu uongo. Nitaufikia huo uongo. Kwanza nikupe za nyumbani. Sote wazima. Upepo umeshaanza vurugu zake, na bati la jikoni linagonga pale pale uliposema utapigilia msumari kesho.

Mwanetu Evodia alitaka kuandika yeye kumbukumbu hii, maana ni mwalimu na mwandiko wake umenyooka. Akaniletea karatasi: Mzee Leonidas Mwananzumi, mume, baba, babu, mpishi mstaafu, mwanzilishi wa Kikundi cha Uji. Nikamwambia hayo ni kweli tupu, lakini yako kwenye msalaba wako tayari. Darasa langu la saba linatosha kumwandikia mume wangu. Majirani wakisoma pamoja nawe, wasome. Nataka wasome, kwa sababu Jumapili hii baada ya Misa kikundi kinakaa kuamua kama ile kazi yako ya kufuata vikombe iendelee au ikome. Uji hauna ubishi, utabaki. Kinachotaka kuondolewa ni ile safari ya saa nne.

Wapo waliohamia mtaani baada yako. Wanaona ubao mrefu ukutani kwetu, misumari arobaini na kitu, na vikombe vya bati vinaning'inia midomo chini, wanadhani ni biashara ya vyombo. Acha niwakumbushe kupitia kwako.

Ulipostaafu upishi wa shule ya bweni, wenzako waliomba saa ya ukutani. Wewe uliomba mwiko wako, ule mrefu kama kasia. Ukakaa nyumbani mwezi mzima unanitazama nikisonga ugali, hukosoi, unaguna tu. Kisha asubuhi moja ya baridi ukasimama mlangoni ukaona watoto wa mtaa wanapita kwenda shule, midomo imepauka, mikono wameificha kwapani, na hakuna aliyetia kitu tumboni. Ukaniuliza, "Ile sufuria ya kipaimara ya Evodia si iko stoo?"

Ilikuwa stoo. Haijarudi stoo mpaka leo.

Wanaume wa kijiweni walikucheka sana. Mmoja akakuuliza mbele ya watu, "Mzee Leonidas, siku hizi umeolewa?" Ukamjibu bila kuacha kukoroga, "Nimeolewa, na mahari nimekula mwenyewe. Leta kikombe." Akaleta. Baada ya wiki mbili mke wake akaleta debe la ulezi. Jirani yetu Coleta akaleta maziwa. Vijana wasio na kazi ukawapasulisha kuni, kisha ukawafundisha kupima unga kwa macho na kuonja bila kulamba upawa, na wawili kati yao leo wana mgahawa wao Matai. Mama aliyefiwa, baba aliyelala hospitali, binti aliyejifungua bila mtu wa kumkanda maji, wote walipitia mlango wa jikoni kwetu. Hukuwahi kuita kitu hicho msaada. Uliita zamu.

Na vikombe. Kila mtoto alikuwa na chake na msumari wake. Hukuandika majina, uliwafungia uzi wa rangi kwenye mkono wa kikombe, kwa sababu wengine hawakujua kusoma bado na hukutaka wajisikie wageni kwenye ubao wao. Mtoto akishakunywa anasuuza kikombe mwenyewe, anatundika. Wa shule walipita saa kumi na mbili na nusu, wadogo walifuata jua likishapata nguvu, na saa nne ulifunika sufuria. Hapo ndipo ulipopita ubaoni ukiingiza kidole gumba ndani ya kila kikombe, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Kilicholowa, mwenyewe amekuja. Kikavu, hajaja.

Hukuwauliza watoto wengine, maana ulisema watoto wanatetea wenzao. Ulichukua kile kikombe kikavu, ukakijaza uji, ukakifunika kwa sahani, ukavaa koti lako la kahawia, ukaenda mpaka nyumbani kwa mwenye nacho. Nilikuuliza kwa nini usiende mikono mitupu. Ukasema mtu mwenye mikono mitupu mlangoni ni mkaguzi, lakini mwenye kikombe cha uji ni jirani, na jirani hafukuzwi mpaka kikombe kiishe. Kwa kikombe tu ulimkuta mtoto wa fundi ana malaria siku ya tatu, na yule binti mdogo aliyekuwa anauguza bibi yake peke yake.

Sasa nifike kwenye Juni ile ya mwaka 2023, ambayo mtaa mzima unaijua nusu.

Ulezi ulituishia. Jumatatu asubuhi ukapanda basi la Namanyere kwenda kwa kaka yako Nestory, aliyekuahidi magunia mawili. Ukaniachia mwiko. Ukaniambia, "Siku mbili tu, Mama Evodia. Vikombe usivisahau." Nikakujibu kwani mimi ni mgeni hapa.

Upepo wa siku hizo unaujua. Vumbi lilishuka upande wa milima ya Mbizi mchana kutwa, likaingia kwenye chumvi, kwenye vitanda, mpaka ndani ya vikombe vilivyogeuzwa midomo chini. Na mimi na vumbi hatupatani, wewe mwenyewe ulikuwa unasema mke wako anafuta hata mafiga. Basi mara watoto walipomaliza nilivua vikombe vyote arobaini na moja, nikavitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, nikavisugua, nikavitundika vinang'aa. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Nikajiona nimekufanyia kazi utakayoisifu.

Jumanne kimoja nilikigusa kikavu. Kilikuwa na uzi mwekundu. Ukavu wake uko kidoleni mwangu mpaka leo. Nikasema moyoni, huyu kachelewa. Kisha mtu akaniita, uji unashika chini ya sufuria, nikakitumbukiza kwenye beseni pamoja na wenzake. Kikatoka kimelowa kama wao.

Jioni ile ukarudi na magunia yako. Jumatano asubuhi ulikuwa mashineni unasagisha, na uliporudi saa nne nilikuwa nimeshaosha tena. Ukapita ubaoni. Vyote vimelowa. Nikakuona unarudi mwanzo. Ukaanza kuvinusa, mzee mzima, watoto wakaangua kicheko. Cha uzi mwekundu ukakinusa mara mbili.

"Mama Evodia, hiki kinanuka sabuni."

"Vyote nimeviosha kwa sabuni. Vumbi."

"Vyote vinanuka sabuni na uji. Hiki sabuni tupu." Hukupandisha sauti. "Na jana?"

"Jana niliviosha pia."

"Na juzi?"

Nikatazama beseni, na wewe hukuuliza tena. Ulijaza kikombe, ukakifunika. Nilitegemea uniseme na hukunisema, na hilo lilinitisha kuliko maneno. Nikavua aproni nikakufuata.

Uzi mwekundu ulikuwa wa Jenifer, binti wa Rozina. Chumba chao ni cha mwisho kabla ya mashamba. Walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga, baba yake Jenifer akatangulia na mifugo upande wa Mpanda, na Rozina akapanga chumba mtaani kwetu ili binti asome. Mtaa haukumpokea vizuri, na mimi ni mmoja wa mtaa. Mahindi ya mtu yakiliwa, hata na mbuzi wetu wenyewe, lilisemwa jina lake. Akaacha kusalimia. Alikuwa hana mtu wa kumwachia ufunguo.

Tulikuta kufuli nje. Ukapiga hodi mara tatu. Coleta, ambaye ukuta wake na wa Rozina ni mmoja, akatoka na mikono yenye unga. Akasema Rozina amekwenda bondeni kuvuna mpunga tangu Jumatatu alfajiri, bila shaka ameondoka na Jenifer na mdogo wake.

"Uliwaona wakipanda gari?"

"Sikuwaona, Babu. Lakini kufuli si hilo."

Uliwauliza na wengine waliokusanyika. Kila mmoja alikuwa na hakika, na hakuna aliyeona. Simu ya Rozina ilikuwa haipatikani. Kisha akafika Vitus, mwenyekiti wetu wa mtaa, akakushika bega kwa upole, maana mlikuwa mnapendana, akakuambia neno ambalo kila mtu pale alikuwa nalo moyoni.

"Kaka, hapa subira. Yule mama hapatani na mtu. Ukivunja ukakuta chumba kitupu, kesho wewe ni mwizi na kikundi chako ni cha wezi. Nani ataleta mtoto wake kwenu?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndiyo sababu sikumlaumu wakati ule wala leo. Ule mlango ulikuwa na watoto arobaini wa kukosa uji nyuma yake, kama ndani hamna mtu. Na kama ndani mna mtu, ulikuwa na wawili wa kupotea.

Ukaweka kikombe chini. Kisha ukalala kifudifudi kwenye vumbi, wewe na mgongo wako, ukatia jicho kwenye upenyo wa chini ya mlango. Ulikaa hapo muda mrefu mpaka Coleta akaniuliza kama umezidiwa.

"Ndala ya Jenifer iko ndani," ukasema.

Vitus akasema huenda ana nyingine.

"Ana hizo tu. Zimeshonwa kwa waya, nilizishona mimi. Mtoto haendi bondeni pekupeku." Ukavuta pumzi kwenye ule upenyo. "Na humu mna mkaa unawaka."

Ukasogeza mdomo chini ya mlango ukaita, taratibu kabisa, kama unavyoita mtoto aliyelala mezani: "Jenifer. Ni Babu. Uji wako umepoa."

Hakuna kitu. Mabati tu na upepo.

Ukageuka ukaniambia, "Stefania, jembe." Miaka arobaini na minne ya ndoa, jina langu ulilitaja kanisani na siku za hatari. Nilikimbia. Sikujua kama bado naweza kukimbia. Niliporudi, Vitus alikuwa amegeuza mgongo, uso kaelekeza mlimani. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mimi hapa natazama Mbizi. Sijaona mtu na jembe." Ukapachika jembe kwenye chuma kinachoshika kufuli. Mara ya kwanza likateleza. Mara ya pili mpini ukalia. Mara ya tatu chuma kikang'oka na kipande cha mlango.

Joto lilitoka pale ndani kama mtu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa viroba kuzuia baridi. Jiko la mkaa lilikuwa katikati, limebaki jekundu kidogo chini ya majivu. Jenifer alikuwa amelala karibu na mlango, mkono mmoja umeelekea kwenye upenyo, na mdogo wake Malimi, mwenye miaka miwili, alikuwa kwenye kanga, shingo imelegea. Ulimbeba Malimi, Vitus akambeba Jenifer, mkawalaza nje kwenye upepo, ule upepo tunaoulaani kila Juni. Wewe ulikuwa unampiga Malimi mgongoni kwa viganja viwili na unahesabu. Sijui ulikuwa unahesabu nini. Ulifika kumi na tisa. Mtoto akatapika, akalia.

Sijawahi kusikia kilio kilichonipendeza hivyo, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo.

Bodaboda mbili zikawafikisha hospitali, na baada ya siku nne walirudi wazima. Jenifer alitueleza baadaye. Mama yao aliwaachia ugali, maji na maneno: wasifungue, wasiitike, mtu asijue kwamba wako peke yao, jioni atarudi. Chakula kiliisha Jumatatu hiyo hiyo. Jumanne walisubiri. Mkaa ulikuwa haujawashwa bado. Jumatano alfajiri Malimi alikuwa anatetemeka, ndipo Jenifer akawasha mkaa wa mwisho ili ampashe mdogo wake joto. Alisema aliisikia sauti yako chini ya mlango na anadhani alikujibu.

Jumanne, Baba Evodia. Mkaa ulikuwa haujawashwa.

Rozina alifika Alhamisi, miguu imevimba. Lori lilikuwa limeharibika kwenye mteremko, na nusu ya njia amepanda kwa miguu. Akakuta mlango umevunjwa na chumba kitupu. Coleta anasema hakulia, alikaa chini tu kizingitini akawa anaokota vipande vya mbao anaviweka pamoja.

Jumamosi kikaitwa kikao cha mtaa. Kila aliyekuwepo anakumbuka Rozina alivyosimama. Hakukushukuru. Alisema, "Mnatembea na vikombe mnachungulia umaskini wetu. Mzee akitoka na kile kikombe mtaa mzima unajua leo njaa iko kwa nani. Mimi niliwafungia wanangu ili msinicheke." Na akina mama wengine, ambao sikutegemea, wakaitikia kwa vichwa. Baba mmoja akasema kweli, siku kikombe kilipokuja kwake aliona aibu wiki nzima. Mwingine akauliza kama vikombe havisemi uongo, ilikuwaje watoto wakae siku tatu ndani. Kelele ikapanda. Wengine walisema vikombe vishushwe siku ile ile, wengine uji wenyewe usimame.

Nilikuwa nimekaa nyuma yako, kanga mdomoni. Nilijua zamu ya kusema ni yangu. Ukasimama wewe.

"Rozina, mwanangu. Kikombe kilikauka Jumatatu, na mimi nimekuja Jumatano. Kosa ni langu. Nisamehe."

Ukakaa. Hukusema ulikuwa Namanyere. Hukusema nani aliosha. Kikao kikaisha hapo.

Leo nasema mbele ya wanaosoma: kosa halikuwa lako, lilikuwa langu. Mimi Stefania niliosha kikombe kikavu nikakifanya kiseme uongo. Jioni ile nilitaka kukuomba radhi, ukaniambia nikuletee nyundo, unakwenda kutengeneza mlango wa watu. Kila nilipoanzisha tena, ulikuwa na kazi nyingine ya kunituma, na nilielewa kwamba hutaki kulipokea. Miezi kumi na mitatu tuliishi hivyo.

Lakini maneno ya Rozina uliyapokea. Kuanzia Jumatatu iliyofuata ulitoka na kikombe kila siku, kiwepo kikavu kisiwepo. Vikombe vyote vikiwa vimelowa ulijaza chako mwenyewe, ukachagua nyumba yoyote, ukaenda. Kwa muuza duka. Kwa katekista. Kwa Vitus ulikwenda mara tatu katika mwezi mmoja, mpaka akalalamika kwamba yeye ana njaa gani. Ukamwambia, "Kunywa, mwenyekiti, watu wanatazama." Baada ya muda mtaa ukashindwa kabisa kusoma kikombe chako. Mzee akipita na sahani juu ya kikombe, basi ni saa nne, hakuna zaidi.

Siku moja ukakipeleka kwa Rozina, watoto wake wote wakiwa wamekwisha kunywa. Akakuuliza umekuja kuchungulia nini leo. Ukasema umekuja kupumzisha mgongo. Akacheka, mara ya kwanza mtaa kumsikia. Kesho yake akaja na mzigo wa kuni kichwani, akautua jikoni kwetu bila salamu, akashika mwiko. Mpaka leo anakoroga yeye, na ananikemea nikiweka maji mengi.

Mwaka jana moyo wako ukachoka. Wiki tatu hospitali. Uliendelea kutaka habari za jikoni, nani kaja, nani kakua, uzi gani umekatika. Jumanne ile, saa tisa alasiri, ukafumbua macho ukaniuliza, "Vimelowa vyote?"

Nikasema vyote.

Sikuwa nimegusa hata kimoja. Nilikuwa sijafika nyumbani tangu Jumapili. Ukasema "haya," ukafumba macho. Nimekaa na "haya" hiyo mwaka mzima. Siku ya mazishi nilitoka ndani nikaenda ubaoni peke yangu, nikatia kidole. Vyote vikavu. Siku tatu za matanga hakikutundikwa kikombe kilicholowa, maana mtaa wote ulikuwa uani kwetu, na sufuria yako ilikuwa inapikia waombolezaji.

Sasa hali ni hii. Tangu uondoke ninakwenda mimi na magoti yangu, na siku nyingine nafika saa saba. Mwanachama mmoja alijitolea kunisaidia, akasimama barabarani akamwita baba wa watu kwa sauti, kikombe cha mwanao kikavu. Alifukuzwa kwa fimbo na sikumhurumia. Tangu hapo hakuna anayetaka kwenda. Evodia wetu anasema liwekwe daftari la mahudhurio, na asiyekuja siku tatu mfululizo taarifa ipelekwe ofisi ya mtaa. Anasema kwa nia njema. Tumebishana naye mpaka Sharon mjukuu wako akatuuliza kama tumegombana. Nilimwambia Evodia kwamba daftari ni zuri, liwepo, lakini Jenifer alikaa siku tatu. Hakukubali, akajitafutia kazi nyingine, kama wewe.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kusafisha kaburi lako kwa ajili ya Misa. Kabla hatujatoka, Jenifer, ambaye sasa ana miaka kumi na moja na ananizidi kimo, alisimama ubaoni. Kikombe chako, kile cha bluu kilichomeguka ukingo, kiko msumari wa kwanza. Sijaruhusu mtu akioshe tangu Julai ya mwaka jana. Kimejaa vumbi, na mimi niliyefuta mafiga nimekiacha na vumbi lake. Jenifer akatia kidole gumba.

"Bibi," akasema, "hiki ni kikavu."

Nikamwambia najua.

"Mwaka mzima ni kikavu na hakuna aliyekifuata?"

Akakifuta kwa gauni, Rozina akakipakulia, bila sukari, chumvi kidogo, ulivyopenda. Jenifer akakifunika kwa sahani, akatangulia. Tukamfuata nyuma, mimi, Evodia, Rozina na Malimi, Coleta, Vitus na fimbo yake. Njia nzima watu walituamkia na hakuna aliyeuliza tunakwenda kwa nani. Ilikuwa saa nne.

Tulipong'oa majani na kuweka maua, akapiga magoti kwenye udongo, akaweka kikombe karibu na msalaba, akainamisha mdomo chini kabisa kama ulivyofanya mlangoni kwao.

"Babu. Ni Jenifer. Uji wako umepoa."

Tulisubiri. Hata Vitus alisubiri. Kisha mtoto akainuka, akasema Babu alikataza kumwaga uji, akanywa funda moja, akampa Malimi, kikazunguka kwetu wote. Wa mwisho alikuwa Evodia. Alikimaliza, akakisuuza kwa maji tuliyoletea maua, akakibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Nilimwona akikitundika. Kisha nikamwona, akidhani hakuna anayemwangalia, akianza kupita ubaoni na kidole chake.

Jumapili waamue wanavyoona. Mimi nimesema langu, na la kwako nimelirudisha kwangu. Misa yako ni Jumatano hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baada ya Misa mnakaribishwa nyumbani, uji upo.

Tunaokukumbuka: mkeo Stefania, Mama Evodia, watoto wako Evodia, Oswaldi aliyeko Kasanga, na Lydia, wajukuu Sharon, Fortunata na Leonidas mdogo, ambaye hukumwona, kaka yako Nestory wa Namanyere, mwenyekiti Vitus, Coleta, Rozina na wanawe Jenifer na Malimi, vijana wako wa Matai, na watoto wote wenye msumari kwenye ubao.

Mungu akupe raha ya milele. Nasi, saa nne ikifika, tutakukumbuka siku zote. Leo sikudanganyi, nimevigusa mwenyewe: viwili ni vikavu, navaa koti lako.